Krimu ya Jikoni na Mkorogo wa Sokoni

Jambo nililolichagua leo kwa juu juu laonekana dogo, jambo la mbele ya kioo tu. Lakini ukilitazama kwa makini utaona kwamba limegusa afya ya watu, mifuko yao, na hata namna wanavyojiona nafsi zao. Nalo ni mafuta na krimu za kupaka mwilini, hususan zile ambazo mtu huzitengeneza mwenyewe nyumbani kwake.

Wengi wenu mnaoishi ughaibuni mnaijua shida yenyewe. Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, alikuwa akijipaka mafuta kidogo baada ya kuoga na yakamtosha mpaka jioni. Akifika Leeds au Minneapolis mwezi wa Januari, nje anakuta baridi kavu, na ndani mashine za joto zinawaka usiku na mchana. Haupiti muda, miguu imepauka kama iliyomwagiwa majivu na vidole vimepasuka. Ndugu zetu wa Maskati na Dubai nao hawakusalimika, maana wao hukaushwa na viyoyozi. Ndipo mtu anapokumbuka alivyokuwa akifanya bibi yake, akaingia jikoni, akabandika sufuria na kuanza kuyeyusha mafuta.

Mimi ni miongoni mwa wanaoliunga mkono jambo hilo. Ni rahisi kwa gharama, na mtu anakijua kila kilichomo ndani ya kopo lake. Lakini nimekuwa nikisikia maswali yanayonitia wasiwasi. Mmoja huuliza kwa nini krimu aliyoitengeneza imeota ukungu kabla ya mwezi kwisha. Mwingine huuliza kama yafaa kumpaka mtoto mchanga. Na wako wanaouliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama wanaweza kuongeza kitu ndani yake ili ngozi "ing'ae". Tutayafikia yote hayo.

Tuanze na ngozi yenyewe. Tabaka lake la juu kabisa, katika sehemu nyingi za mwili, ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Limejengwa kwa chembe zilizokwisha kufa, zilizopangwa kama matofali, na mafuta ya asili yamejaa baina yake mithili ya saruji. Ukuta huo huyazuia maji ya mwilini yasitoke ovyo, na huvizuia vijidudu vya nje visiingie. Kila tunapooga kwa maji ya moto sana na sabuni kali, tunaiyeyusha ile saruji, na maji yanapata upenyo. Hapo ndipo ngozi inapopauka. Wauza vipodozi hupenda kusema kwamba mafuta yao "yanailisha" ngozi. Ngozi hulishwa na damu, si na kopo. Kazi kubwa ya mafuta tunayojipaka ni kuziba nyufa za ukuta ili maji yaliyomo yabaki humo. Kwa hiyo wakati ulio bora wa kujipaka ni dakika chache baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Ukingoja mpaka ukauke kabisa, unaziba ufa wa mtungi uliokwisha kuvuja.

Ama kuhusu aina ya mafuta, sisi watu wa pwani mioyo yetu iko kwenye nazi. Njia ya zamani wengi mnaijua: nazi hukunwa, tui zito hukamuliwa na kuachwa litulie mpaka sehemu yake nzito iinuke juu, kisha sehemu hiyo huinjikwa motoni polepole hadi maji yaishe na mafuta yabaki yakielea juu ya mashapo ya rangi ya kahawia. Kazi hii ina siri moja, nayo imo masikioni. Maadamu sufuria inatatarika, bado mna maji. Sauti ikinyamaza, maji yamekwisha. Anayeepua mapema kwa kuwahi shughuli nyingine hupata mafuta yanayovunda baada ya siku chache.

Mafuta ya nazi huyeyuka yanapofikia nyuzi joto 24 hivi za Selsiasi. Ndiyo sababu Unguja hukaa ndani ya chupa yakiwa maji, na Leicester huganda mpaka uyachokoe kwa kijiko. Wako wanaoyatupa wakidhani yameharibika. Hayakuharibika, yamepigwa na baridi tu kama mwenyewe. Kuhusu faida yake, hatuna haja ya kutegemea maneno ya wazee peke yake. Mwaka 2004 watafiti wa Ufilipino walichapisha matokeo ya kuyalinganisha na mafuta ya madini kwa watu 34 waliokuwa na ngozi kavu, wakaona kwamba mafuta yote mawili yalisaidia kwa kiasi kinachokaribiana, wala hayakuleta madhara.

Hata hivyo si kila mafuta ya kula yanafaa kupakwa. Mafuta ya zeituni yana heshima kubwa miongoni mwetu, nami sikusudii kumvunjia mtu mila yake. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi ambamo watu wazima walijipaka mafuta ya zeituni mikononi mara mbili kwa siku kwa majuma kadhaa. Ule ukuta niliousema ulidhoofika, na ngozi ikapata wekundu kidogo. Mafuta ya alizeti hayakufanya hivyo, bali yaliuhifadhi ukuta na kuongeza unyevu. Sababu yake yaelekea ni kwamba mafuta ya zeituni yana asidi nyingi ya oleiki, ambayo huilegeza saruji ya ngozi, ilhali alizeti ya kawaida ina asidi nyingi ya linoleiki, ambayo ngozi yenyewe huitumia katika ujenzi wake.

Na hapa kuna habari ambayo naona haikutangazwa vya kutosha kwetu. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya watoto mjini Dhaka, Bangladesh. Watoto njiti, ambao ngozi yao huwa haijakomaa, walipakwa mafuta ya alizeti kila siku. Uwezekano wao wa kupata maambukizo ya hospitalini ulipungua kwa asilimia 41 ukilinganisha na wale ambao hawakupakwa. Sisemi kwamba kila mzazi achukue chupa ya jikoni akampake mtoto njiti. Jambo hilo ni la madaktari, na mafuta yaliyotumika yalikuwa safi na yamechaguliwa. Ninalosema ni kwamba mtu wa Singida, ambako alizeti inajaza mashamba, hana sababu ya kuona haya mbele ya kichupa cha mafuta ya bei kubwa kilichotoka ng'ambo.

Wenzetu wa kaskazini mwa Uganda wana mafuta ya shea, yanayotokana na mti unaoota wenyewe huko Acholi na Lango, na wenyeji huyaita moo yaa. Ni laini kuliko shea ya Afrika Magharibi, kwa hiyo hupakika bila kupashwa moto. Na kwa mtu asiye na fedha wala nafasi, mafuta ya mgando ya dukani hayana aibu. Katika kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi, hakuna mafuta ya mimea yanayoyafikia. Hayapendezi kwa mguso, hilo nakubali.

Nisiwasahau mama zetu wa Unguja, Pemba, Lamu na Ngazija, waliokuwa na elimu hii kabla makopo ya dukani hayajafika. Liwa husagwa juu ya jiwe kwa maji au marashi mpaka iwe uji mzito, kisha hupakwa usoni. Kule Ngazija hadi leo utamwona mwanamke akienda sokoni mchana kweupe uso wake umepakwa msindzano, na hapana anayemshangaa. Na bi harusi wa Kizanzibari husingwa kwa singo: mawaridi, asumini, mlangilangi, karafuu na liwa, vyote vikiwa vimekaushwa na kutwangwa, na kila somo ana vipimo vyake asivyomtajia mtu. Wanaoishi Omani hutia marashi ya Jabal Akhdar, ambako mawaridi huchumwa majira ya kuchipua na maji yake kutoneshwa.

Nimeitaja singo kwa sababu imebeba akili ambayo wengi wanaotengeneza krimu leo wameipoteza. Singo huwekwa ikiwa kavu. Marashi hutiwa siku ile ile ya kusinga, kwa kiasi cha kutumiwa siku hiyo, na kinachobaki humwagwa. Wazee hawakuwa na darubini ya kuonea vijidudu, lakini walijua kwamba kitu chenye maji hakikai.

Hilo ndilo jambo ninalotaka mlishike kuliko yote. Mchanganyiko wa mafuta matupu na nta, usio na tone la maji, hauoti ukungu wala bakteria kwa urahisi, kwa kuwa viumbe hivyo haviishi bila maji. Ukitia maji, yawe ya bomba, ya mawaridi, ya mshubiri au ya tango lililosagwa, umeviandalia chakula na makazi.

Kwa hiyo anayeanza na aanze na marhamu isiyo na maji. Chukua gramu 20 za nta ya nyuki, gramu 40 za mafuta ya nazi na gramu 40 za mafuta ya alizeti. Nta ya Tabora inasifika tangu zamani, lakini ya kwingineko yafaa pia mradi iwe safi. Tia vyote katika bakuli linalostahimili moto, uliweke bakuli hilo ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu. Usiiweke nta juu ya moto moja kwa moja, kwani yaweza kushika moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64. Ikisha kuyeyuka yote, epua, koroga, na umimine katika makopo yaliyooshwa na kukauka kabisa. Anayeishi Maskati au Mombasa aongeze nta kidogo, na anayeishi Ulaya aipunguze, la sivyo mmoja atapata mafuta ya maji na mwingine atapata mshumaa. Marhamu hiyo hukaa miezi mingi, na itakapoharibika itakujulisha yenyewe kwa harufu ya mafuta yaliyovunda.

Mkipenda manukato, tahadharini na wingi. Mafuta ya karafuu ni makali. Yana dawa iitwayo eujenoli, ile ile inayotiwa kwenye jino linalouma, na matone machache ya ziada huichoma ngozi. Kwa mafuta ya manukato ambayo si makali sana, mililita 1 katika mililita 100 yatosha mtu mzima. Kwa mtoto mchanga usitie kitu. Harufu ya mtoto haihitaji kusaidiwa.

Sasa tuje kwenye krimu yenyewe, ile nyeupe na laini inayopotea ngozini. Asili yake ni ya kale. Galeni, tabibu wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya 2, ndiye anayenasibishwa na krimu ya kwanza ya namna hiyo: nta, mafuta ya zeituni na maji ya mawaridi yaliyopigwa pamoja. Maji yake yalipokuwa yakikauka juu ya ngozi yalileta ubaridi, ndiyo maana ikapewa jina la krimu baridi. Ila krimu ya Galeni ilikuwa ikiachana upesi, maana maji na mafuta hayaelewani bila msuluhishi. Msuluhishi wa siku hizi ni nta maalumu ya kuunganishia, ambayo upande mmoja wa chembe yake hupenda maji na upande wa pili hupenda mafuta. Nta ya nyuki peke yake haiwezi kazi hiyo, na wengi wanaolalamika kwamba krimu yao "imekatika" kama tui lililochemka sana, kosa lao ni hilo.

Kwa gramu 100 za losheni, pima kwa mizani na si kwa kijiko: maji yaliyotoneshwa gramu 70, nta ya kuunganishia gramu 6, mafuta ya alizeti gramu 15, shea gramu 5, glisirini gramu 3, na dawa ya kuhifadhi gramu 1. Maji na glisirini yapashwe moto katika chombo chake, mafuta na nta katika chombo kingine, vyote vifikie nyuzi joto 70 hadi 75. Kisha mimina kimoja ndani ya kingine huku ukipiga kwa mchapo, uendelee mpaka kipoe. Kikishuka chini ya nyuzi joto 40 ndipo unapotia dawa ya kuhifadhi, kwa sababu nyingi kati ya dawa hizo huharibiwa na joto kali.

Najua gramu hiyo 1 ya mwisho ndiyo inayowakera wengi. Mtu huniambia: "Nimekimbia kemikali za dukani, na wewe unazirudisha jikoni mwangu!" Namwelewa. Lakini krimu isiyohifadhiwa yaweza kuwa na mamilioni ya bakteria katika kijiko kimoja ikiwa bado nyeupe, bado inanukia, na bado inavutia. Ukungu unaouona ni dalili ya mwisho, wala si ya kwanza. Mtu mwenye ngozi nzima huenda asipate neno. Mwenye michubuko, mwenye ukurutu, mwenye kisukari, au mtoto mchanga, anaweza kupata maambukizo mabaya. Vitamini E ambayo wengi huitia wakidhani ni kihifadhi, kazi yake ni kuchelewesha mafuta yasivunde, bakteria haiwadhuru. Asali kidogo haitoshi, na mafuta ya mkaratusi hayatoshi. Ziko dawa zilizopimwa, mathalan fenoksiethanoli, ambayo sheria za Ulaya huruhusu isizidi asilimia 1. Na asiyeitaka kabisa, arudi kwenye hekima ya singo: atengeneze kidogo, aiweke ndani ya friji, aitumie kwa siku chache, na inayobaki aimwage bila kuionea huruma.

Kabla sijasahau, ndimu. Sijui ni nani aliyeanza kuwashauri watu wajipake maji ya ndimu au malimau usoni ili kuondoa madoa. Maji hayo ni makali kwa ngozi, na zaidi ya hayo, ndimu ina viini ambavyo vikipigwa na jua juu ya ngozi husababisha kuungua, malengelenge, na baadaye doa jeusi linalokaa majuma au miezi. Aliyetaka kuondoa doa moja hujikuta na ramani. Ndimu ibaki kwenye samaki.

Na hapo, wasikilizaji, tumeufikia mkorogo.

Neno lenyewe ni zuri, linatokana na kukoroga, na kwa haki losheni niliyoieleza sasa hivi nayo ni mkorogo. Lakini kila msemaji wa Kiswahili anajua linakusudia nini siku hizi. Mtu huchukua krimu ya kung'arisha ya aina hii, akachanganya na tyubu ya dawa ya hospitali, akaongeza losheni ya kuipunguza ukali na pengine unga ambao muuzaji hakuueleza, akakoroga, akatia katika kopo lisilo na jina. Huuzwa Kariakoo, huuzwa Kinshasa, na kwa masikitiko makubwa huuzwa nyuma ya maduka ya vyakula vya Kiafrika London na Brussels. Muuzaji atakwambia ni ya asili, kaikoroga mwenyewe nyumbani. Asemavyo ni kweli, kaikoroga nyumbani. Swali ni nini alichokikoroga.

Aghalabu humo mna vitu vitatu, kimoja au vyote pamoja. Cha kwanza ni haidrokwinoni, inayozuia utengenezaji wa rangi ya ngozi. Ikitumiwa muda mrefu bila daktari, yaweza kuleta madoa ya rangi ya bluu na kijivu usoni, ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Yule aliyetaka weupe hubakia na weusi usiotoka. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika krimu za kung'arisha ngozi mwaka 2001, na Marekani iliiondoa katika uuzaji usio na cheti cha daktari mwaka 2020. Cha pili ni steroidi kali, dawa nzuri sana mikononi mwa tabibu kwa ukurutu na maradhi mengine. Ikipakwa mwili mzima kila siku hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, huleta michirizi isiyofutika, na kidonda hupona kwa shida. Madaktari wapasuaji wanajua tabu ya kuishona ngozi iliyochubuliwa.

Cha tatu ni zebaki. Hii haishii kwenye ngozi. Huingia mwilini na kushambulia figo na mishipa ya fahamu. Wala si habari mpya kwetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza uchunguzi juu ya wagonjwa 60 wa figo, na wakakuta kwamba 32 miongoni mwao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu walipoacha. Zaidi ya nusu karne imepita tangu hapo. Na Septemba 2019, huko Sacramento katika jimbo la California, maafisa wa afya walitangaza habari ya mwanamke aliyelazwa akiwa katika hali ya kutojitambua baada ya kutumia krimu iliyoletwa kutoka Mexico. Kopo lilikuwa la krimu ya kawaida ya dukani, lakini ndani yake mtu mwingine alikuwa ametia zebaki ya kikaboni, ambayo ni mbaya kupita ile iliyozoeleka. Nao huo, kwa hakika, ulikuwa mkorogo.

Mataifa yamechukua hatua. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka kikomo kwamba baada ya mwaka 2020 vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni visitengenezwe wala kuuzwa kati ya nchi na nchi. Na mwaka 2023 wanachama walikubaliana kuiondoa kabisa, hata kiasi hicho kidogo, ifikapo 2025. Rwanda mwishoni mwa 2018 ilituma maafisa madukani kuyakusanya makopo hayo. Tanzania nayo inayo marufuku yake, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi imekuwa mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Lakini kopo lisilo na jina halipiti forodhani kwa jina lake.

Basi mtu atajuaje? Likiwa kopo la kiwandani, soma maandishi yake. Ukiona mercury, mercurio, calomel au neno lolote linaloanza na mercur, liache. Kuna dalili nyingine ambayo wachache huifahamu: maelezo yakikuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa pete au vito vya dhahabu na fedha, basi hofu yao ni zebaki, kwa maana zebaki hushambulia madini hayo. Ukiona kopo halitaji kilichomo hata kimoja, huna la kusoma na huna la kujipaka. Na krimu yoyote inayokubadilisha rangi ndani ya siku chache imefanya kazi ambayo nazi, shea, liwa wala manjano haviwezi kuifanya.

Nimeulizwa kama mtu anayetumia mkorogo aache mara moja. Kama anashuku zebaki, aache leo, alifunge kopo ndani ya mfuko, na aende nalo kwa daktari. Kipimo cha mkojo huonyesha kiasi kilichomo mwilini. Mashuka, mito na taulo alizotumia huweza kubeba zebaki na kuwapitishia watoto hata kama hawajapakwa kitu, kwa hiyo jambo hili amweleze daktari bila kuficha. Lakini kama mna steroidi kali iliyotumiwa miezi au miaka, kuacha kwa ghafla bila mwangalizi kwaweza kuleta ngozi kuwaka moto na kuvimba, na kwa waliopaka mwili mzima kwaweza kumletea mtu udhaifu wa hatari. Huyo amwone daktari upesi, apunguziwe kwa taratibu. Asiogope kusutwa. Daktari aliye mwadilifu ana kazi ya kumtibu, na si ya kumhukumu.

Jambo jingine ni jua. Nimeona watu wakichanganya unga wa oksidi ya zinki na mafuta ya nazi, wakasema wametengeneza krimu ya kuzuia jua. Msifanye hivyo, na hasa msimfanyie hivyo mtu mwenye ualbino. Ule unga hujikusanya katika mabonge yasiyoonekana, na baina ya bonge na bonge ngozi inabaki wazi, ilhali mtu anakaa juani akiamini amekingwa. Kiwango cha kinga hupimwa maabara, jikoni hakipimiki. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC ambako kiko kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ndipo ilipoanzishwa krimu ya Kilisun iliyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ualbino, na waliifanya kwa mitambo na vipimo.

Neno kwa akina mama mliokwisha kuwa mafundi, na sasa majirani wanaomba kununua. Kwa Uingereza na Ulaya, ukiuza hata kopo moja, sheria inakuhesabu kuwa mwenye dhamana. Yatakiwa ripoti ya usalama iliyotiwa saini na mtaalamu anayestahiki, maandishi ya kila kilichomo, na kuisajili bidhaa yako kabla ya kuipeleka sokoni. Marekani nayo ilikaza sheria zake mwaka 2022. Kwa marhamu isiyo na maji ripoti huwa nyepesi kuliko kwa krimu, na kwa hiyo biashara nyingi ndogo huanzia hapo.

Na kwa wale wanaowauguza wazee: nguo na mashuka yaliyolowa mafuta ya kujipaka, yawe ya mgando au ya mimea, yakikauka hushika moto upesi sana, na kufuliwa hakuyaondoi mafuta yote. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo juu ya hilo mwaka 2018. Mzee aliyepakwa vizuri asiketi karibu na sigara, mshumaa wala chetezo cha udi.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya sabuni inayopikwa nyumbani, na magadi yake. Kwaherini.